Spesa imegoma kukaa kwenye habu: nichonge flenji ya hafu shafti au nichonge spesa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Nzuguni, Dodoma. Nina Land Cruiser mkonga, pikapu ya V8, nabeba pampu na mabomba ya visima kupeleka vijijini Chemba na Kondoa. Tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, na kwenye mchanga wa makorongo gari linachimba njia nne badala ya mbili. Nikanunua spesa za milimita 45, zile sahani nene zinazokaa kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu ili tairi litoke nje zaidi, nifunge nyuma. Shida ni kwamba nilishabadilisha hafu shafti za nyuma, vile vyuma virefu vinavyopeleka nguvu kwenye tairi, nikaweka za kampuni nyingine, zinazosifiwa kuwa ngumu zaidi, na flenji zake, yaani visahani vya mwishoni vinavyofungwa kwenye habu, ni pana na nene kuliko zile zilizokuja na gari. Spesa inagonga flenji kabla haijafika kwenye habu, unabaki mwanya wa kama milimita mbili na nusu. Fundi wa kwanza anasema nikaze nati tu, itaingia yenyewe. Wa pili anataka kuisaga flenji kwa grenda hapo hapo kwenye gari. Wa tatu anasema tuichonge spesa kwa ndani. Nimsikilize yupi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wa kwanza mkatalie kabla hajashika spana. Wa pili ana wazo linaloeleweka, ila kifaa alichochagua hakifai. Wa tatu anataka kupunguza unene mahali ambapo spesa haina unene wa kugawa. Kuna njia ya nne, nitaifikia, lakini kwanza tuelewane kwa nini mwanya huo mdogo ni jambo kubwa.

Watu wengi wanaamini gurudumu linaning'inia kwenye stadi, zile bolti zinazochomoza kwenye habu. Sivyo. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana, na kwa kule kutaka kurudi ilikotoka inaubana uso wa rimu kwenye uso wa habu. Uzito wa gari, nguvu ya injini na purukushani zote za breki zinapita kwenye msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanana. Kazi ya stadi ni kubana. Haikutengenezwa ibebe gari kwa ubavu wake. Ndiyo maana stadi tano tu za milimita 14 zinaweza kushikilia gurudumu la gari lililoshiba mzigo, na ndiyo maana hizo hizo zinakatika kama bua la mtama pale nyuso zinapokuwa hazijakutana.

Sasa chukua ushauri wa fundi wa kwanza. Anakaza, spesa inasogea mpaka inaegemea ukingo wa flenji ya shafti. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inalia "kak", mkono unahisi kila kitu kimekaza. Lakini kilichobanwa si spesa na habu, ni aluminiamu laini iliyokalia ukingo mwembamba wa chuma kigumu. Ukifika tu kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi-mawimbi, ule ukingo unaanza kula aluminiamu. Ukiila hata nusu milimita, mbano wote umepotea, nati zinabaki zimeshika hewa, na stadi zinaanza kupinda huku na kule kwa kila mzunguko wa tairi. Chuma kikipindishwa hivyo mara nyingi kinachoka. Stadi iliyokatika kwa uchovu inajulikana ukiitazama: sehemu kubwa ya mkato ni laini na ina mistari iliyopindana, halafu kuna kipande kidogo chenye chengachenga, pale ilipomalizikia. Ukiona mkato wa namna hiyo usilaumu ubora wa stadi. Angalia uso wa habu.

Kabla hujachonga chochote, hakikisha kinachogonga ni flenji kweli. Nimekuona umesema "inagonga flenji", lakini kwa macho hutajua, maana ukishaingiza spesa huoni ndani. Toa spesa, pangusa habu, chukua maka peni nyeusi upake ukingo wote wa flenji, uso wa habu, na shina la ile shingo ya katikati ambayo rimu hukalia. Ingiza spesa kwa mkono, isukume sawasawa, izungushe kidogo kadiri matundu yanavyoruhusu, kisha itoe. Palipogusana wino utakuwa umekwanguka na chuma kinang'aa. Ukitaka kujua nafasi iliyobaki pale pasipogusana, bandika vipande vya udongo laini wa watoto wa kuchezea, ingiza spesa, toa, pima unene wa udongo uliobaki.

Mara nyingi jambo hilo dogo linamuumbua mtu. Anakuta flenji haina kosa, kilichozuia ni kutu iliyojikusanya kwenye shina la shingo, au zile klipu nyembamba za bati ambazo kiwandani huvishwa kwenye stadi kuzuia diski isianguke wakati wa kuunganisha gari, au stadi mpya ambayo haikuvutwa mpaka mwisho nyuma ya habu. Piga brashi ya waya, toa klipu, pima tena. Rangi nayo itoke. Rangi iliyobanwa kati ya nyuso mbili inapondeka taratibu na kuchukua mbano wako.

Tuseme wino umekwanguka kwenye ukingo wa flenji, kama unavyodhani. Sababu yake ni hii. Land Cruiser yako ina stadi tano, kipenyo cha duara la stadi ni milimita 150, na tundu la katikati la rimu ni milimita 110. Spesa nzuri ina tundu la 110 upande wa habu ili ikalie shingo, na upande wa nje ina mdomo wa 110 ili rimu nayo ikalie. Mdomo wenye kipenyo cha nje cha 110 lazima uwe na ukuta, kwa hiyo ndani ya spesa tundu linapungua, panakuwa na ngazi. Flenji yako ya asili ilikuwa inapita kwenye ngazi hiyo au inaishia kabla yake. Hii mpya, pana na nene, inaikanyaga.

Hapo ndipo fundi wa tatu anapotaka kuchonga, kwenye ngazi. Ukiipanua, unakula ukuta wa mdomo na ile kona ya ndani ambako mdomo unaungana na mwili wa spesa. Kona kali kwenye aluminiamu ndiyo mahali ufa unapopenda kuzaliwa. Kama ukuta ni mnene na kinachohitajika ni kukwangua nusu milimita, na fundi ana kisu chenye ncha ya mviringo kinachoacha kona laini, nisingekuzuia. Kwa milimita mbili na nusu, hapana.

Swali ninalokurudishia kabla ya yote: unazihitaji hizo shafti mpya? Ekseli ya nyuma ya gari lako ni ile ambayo hafu shafti haibebi uzito. Uzito unabebwa na bomba la ekseli kupitia beringi mbili za habu, shafti inapeleka nguvu ya kuzungusha tu. Unaweza kuichomoa yote huku gurudumu limefungwa na gari limesimama kwa tairi zake. Shafti ya namna hii inakatika kwa nguvu ya kusokotwa: tairi kubwa kupita kiasi, loki ya difu (inayolazimisha tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja), dereva anayekanyaga mafuta gurudumu likiwa limenasa kwenye mwamba. Kama tairi zako ni za saizi ya kawaida na hujaweka loki ya difu, shafti za asili zinakutosha. Kama hukuziuza, zirudishe, spesa itakaa, na umalize kazi bila kumlipa mchonga vyuma hata shilingi.

Kama unazihitaji kweli, basi kitu cha kupunguza ni kipenyo cha flenji, lakini kwenye mashine ya kukereza, shafti ikiwa nje ya gari. Ninamkatalia fundi wa pili grenda yake kwa sababu tatu. Vumbi la chuma na la jiwe litaingia kwenye beringi na kwenye sili, na grisi italishika vizuri kabisa lisitoke tena. Grenda haitoi duara, itaacha vilima na mabonde, kwa hiyo spesa itaendelea kugusa mahali pamoja au pawili, na kugusa sehemu moja ni kubaya kuliko kugusa kote kwa sababu spesa inakaa upande kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Na joto: chuma kinapopata rangi ya manjano kavu kimeshafika nyuzi 220 hivi, kikiwa bluu kimefika karibu 300. Shafti hizo zimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na moto wa grenda haupimwi na mtu.

Kuichomoa ni kazi ndogo. Flenji imefungwa kwa nati sita, na chini ya kila nati kuna koni iliyopasuliwa upande. Legeza nati mpaka usawa wa ncha ya stadi, usizitoe, halafu gonga uso wa flenji katikati ya stadi na stadi kwa nyundo ya shaba. Koni zitaruka zenyewe. Wanaozichokonoa kwa bisibisi wanaharibu tundu la koni, na tundu hilo ndilo linaloikamata flenji isicheze. Weka alama ya kulia na kushoto. Ziba tundu la ekseli kwa kitambaa safi, oili ya difu itachuruzika kidogo, usiishangae, ila isifike kwenye pedi za breki.

Nenda kwa mchonga vyuma na shafti mbili: ile mpya na moja ya zamani. Hata kama umeziuza, azima kwa mwenye gari kama lako. Ile ya zamani ndiyo kipimo chako cha mwisho. Pima kipenyo cha flenji yake kwa venia, kile kipimo chenye taya, na mwambie fundi: usishuke chini ya hapa. Waliolisanifu gari waliona chuma kilichobaki kati ya tundu la koni na ukingo wa flenji kinatosha, na hiyo ni mipaka salama kwetu sisi ambao hatuna maabara. Kwa kawaida hutahitaji hata kufika huko. Mara nyingi kinachogonga ni pembe ya nje tu ya flenji, na kuikata pembe hiyo kwa mshazari wa nyuzi 45, milimita mbili au tatu, kunatosha. Mkato wa mshazari hauchukui nguvu yoyote ya maana, kwa hiyo jaribu huo kwanza, vaa spesa, pima kwa udongo, ndipo uamue kama kipenyo chenyewe nacho kipungue.

Unene wa flenji usiuguse. Uso wa ndani unaokutana na habu usiuguse. Usimruhusu mtu ajaze weldi mahali popote.

Kwenye mashine, simama karibu uone shafti inavyoshikwa. Shafti ni ndefu, na fundi mwenye haraka ataibana kwa meno ya mashine katikati ya mwili wake. Meno yale yanaacha makovu, na kovu kwenye shafti inayosokotwa ndiko ufa unakoanzia. Izungushiwe bati la shaba pale inaposhikwa, mwisho wa pili ushikiliwe na senta, ile ncha ya mashine inayoshika katikati, na saa ya kupimia, yaani kipimo cha mshale, iwekwe kwenye uso wa ndani wa flenji ionyeshe kwamba inazunguka sawa kabla kisu hakijagusa. Kisu kiwe cha kabaidi, achukue robo milimita kila mara, na vipande vinavyodondoka visiwe bluu. Akimaliza avunje kingo kali kwa tupa. Kazi ya namna hii haihitaji kwenda Dar es Salaam, wachonga vyuma wazuri wapo Dodoma hapa hapa. Muulize tu kama ana saa ya kupimia. Akikuambia "macho yangu yanatosha", aga kwa heshima.

Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya kati ya flenji na habu, na angalia jambo ambalo wanaobadilisha shafti hawaliangalii: flenji yako ni nene kuliko ya zamani, je, nati zake sita zinashika uzi wote? Ncha ya stadi itokeze nje ya nati duru moja au mbili. Kama imezama ndani ya nati, hizo stadi sita zinahitaji kubadilishwa kwa ndefu zaidi. Na shida hiyo umekuwa ukitembea nayo tangu siku ulipofunga shafti hizo.

Tuje kwenye spesa zenyewe, maana hukuniambia ni za namna gani. Zinazofaa zimechongwa kutoka kwenye aluminiamu ya kufuliwa, na huandikwa 6061-T6 au 7075-T6. Za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu, zile zenye uso wenye vitundu vidogo vidogo, zirudishe dukani. Za bati nene la chuma zilizotobolewa kwa drili ya mkono nimeziona zikiuzwa, na shida yake si chuma, ni matundu. Unaweza kuzipima mwenyewe. Kwa stadi tano kwenye duara la 150, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani lazima iwe milimita 88.2. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu hadi ukingo wa kushoto wa jirani yake, ni umbali ule ule, na rudia mara tano kuzunguka. Pasipolingana hata kwa nusu milimita, achana nazo. Kwa wenzetu wenye stadi sita kwenye duara la 139.7, yaani Prado, Hilux na Land Cruiser za zamani, kipimo ni 69.85, nusu kamili ya kipenyo cha duara.

Spesa ya unene wako inafungwa kwenye stadi za gari kwa nati zake, kisha ina stadi zake yenyewe za kufungia rimu. Nati za ndani lazima zizame chini ya uso wa spesa, na stadi za gari zisitokeze. Zikitokeza, rimu itakalia ncha za stadi na tumerudi kule kule kwenye mwanya. Kwa milimita 45 kwa kawaida nafasi inatosha, lakini pitisha rula juu ya uso wa spesa uone. Uzi ulioingia kwenye nati usiwe mfupi kuliko unene wa stadi: kwa stadi yako ya 14, yenye hatua ya 1.5, ni duru tisa na zaidi kidogo. Hesabu duru ukifunga kwa mkono.

Nati za nje zilingane na rimu. Rimu za chuma huchukua nati ya koni. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota huchukua nati yenye shingo na washa bapa. Ukizichanganya, nati inagusa mstari mwembamba tu, na inalegea bila kukuaga.

Kukaza ni kwa spana ya toki, na hapa sina mjadala. Kwa rimu za chuma kwenye stadi ya 14 ya Land Cruiser, Toyota wanataka newtoni-mita 209, zile Nm zinazosomeka kwenye spana. Kwa rimu za aluminiamu 131. Nati za ndani za spesa fuata karatasi iliyokuja nayo. Kijana wa kilo 80 akisimama mwisho wa wili spana yenye mkono wa nusu mita anatoa karibu Nm 390, yaani karibu mara mbili ya inayotakiwa kwenye chuma na mara tatu ya inayotakiwa kwenye aluminiamu. Stadi iliyovutwa hivyo imepita mahali pa kurudi, haibani tena, na ukiifungua utaona uzi umerefuka, nati inaingia kwa mkono hadi nusu kisha inakwama. Usipake grisi wala oili kwenye uzi, namba za kukaza zinahesabiwa kwa uzi mkavu. Grisi kidogo sana iende kwenye shingo ya habu tu, isishikane na spesa kwa kutu.

Baada ya kufunga, nenda Bahi urudi bila mzigo. Ukirudi toa magurudumu yote mawili ya nyuma, kaza nati za ndani, funga, kaza za nje. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya: wanakaza za nje bila kutoa gurudumu, wakati za ndani hazionekani wala hazifikiki. Rudia baada ya kilometa 500, halafu kila unapofanya sevisi. Kwa barabara zako za Chemba ningefanya mapema zaidi.

Sasa beringi, kwa sababu wewe ni mtu wa mzigo. Chukua gurudumu moja la nyuma limebeba kilo 900. Kulisogeza nje milimita 45 kunaongeza nguvu ya kupinda ya karibu Nm 400 kwenye beringi na mwisho wa bomba la ekseli, sawa na kuning'iniza kilo 40 kwenye ncha ya nondo ya mita moja, siku zote, gari likiwa limesimama. Kwenye shimo inapanda mara kadhaa. Beringi zitakufa mapema, hilo lihesabu kabisa kwenye bajeti. Ukipandisha gari jeki, shika tairi juu na chini utikise. Ukisikia mchezo, usingoje kelele. Na spesa haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba.

Hesabu hiyo inamgusa vibaya zaidi mwenye Hilux au Prado anayesoma hapa. Nyuma mwao hafu shafti yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na spesa inaipinda pale pale karibu na flenji. Majibu yangu kwa gari la V8 yasichukuliwe kwenda kwenye gari hilo.

Kuhusu sababu iliyokufanya ununue spesa, umeliona vizuri. Toyota walipoweka injini ya V8 kwenye gari hili mwaka 2007 walipanua mbele ili injini ienee, nyuma wakaiacha kama ilivyokuwa, na tofauti ni milimita 95. Kwa hiyo 45 kila upande inakuachia tofauti ndogo tu. Rimu zilizotokeza zaidi zingefanya kazi hiyo hiyo na kukuondolea kiungo kimoja cha kulegea, lakini mzigo kwenye beringi ni ule ule, usidanganywe na muuzaji. Dawa isiyo na deni ni ekseli ya nyuma iliyopanuliwa yenyewe, pamoja na shafti zake ndefu, na bei yake inataka uwe na visima vingi vya kuchimba.

Kama tatizo lako kubwa ni kunasa kwenye mchanga wa makorongo, ningeanza na upepo wa tairi kabla ya spesa. Gari tupu lishushe hadi psi 18 hivi, lenye mzigo libaki kwenye 25, endesha polepole, na uwe na pampu ya upepo ya kujaza tena kabla ya kurudi lami. Tairi lililolegea linatandaza mzigo na kuelea juu ya mchanga. Wengine wakishajaribu hivyo wanaziacha spesa kwenye boksi lake, na zile njia nne hawazijali tena.

Mbele usiweke spesa hata ukipewa bure. Utaivuruga stelingi, kila jiwe litakupiga mkononi.

Angalia pia tairi lisizidi madigadi. Likizidi litarusha mawe kwa wanaokufuata, na trafiki wa barabara ya Kondoa ataliona kabla hata hujasimama. Mwambie na mtu wa bima kwa maandishi kwamba umefunga spesa, siku ya ajali usije ukaambiwa gari lililokatiwa bima silo lililogongwa.

Kitu cha mwisho ni dereva wako. Siku ya pancha huko porini atafungua gurudumu, atakuta nati nyingine tano mbele yake, na kama hajafundishwa atazifungua nazo, kisha atazirudisha kwa wili spana na nguvu zake zote. Muonyeshe leo: nati za nje tu ndizo za pancha. Za ndani ni za gereji. Na spana ya toki ikae ndani ya gari, chini ya kiti, si nyumbani Nzuguni.